Siku 41 Bila Inhela ya Kinga

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja ambaye amekuwa akifuatilia maandishi yangu tangu nilipoandika kwa mara ya kwanza kuhusu pumu na chakula. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimefuata kila ulichosema. Asubuhi tangawizi na asali, mchana habasoda, usiku vidonge. Ile inhela ya asubuhi na jioni nimeiweka kando, leo ni siku ya 19 na kifua kiko wazi kabisa. Mungu akubariki." Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye ile 19 nikalazimika kuketi, kwa sababu najua jinsi siku ya 19 inavyokuwa tamu. Yangu nayo ilikuwa tamu. Iliyonilaza hospitali ni siku ya 41.

Sikumwambia mtu yeyote aache dawa. Hata hivyo, niliandika aya baada ya aya za kuusifu mchanganyiko wangu, nikaweka mwishoni sentensi moja fupi ya kumtaka kila mtu amwone daktari wake, sentensi ambayo msomaji mwenye matumaini huiruka, na zile siku 41 nikazificha kwa aibu. Makala ile nimeiondoa. Hii ndiyo ninayoiweka mahali pake, na safari hii sitaficha kitu.

Mwenye pumu hana haja ya kuelezwa ninachokitamani, kwa kuwa naye anakitamani: kulala chali usiku mzima, kupanda ngazi huku akizungumza, kutoka nyumbani bila kurudi mlangoni kupapasa mfuko kama inhela ipo. Mimi niliambiwa nina pumu nikiwa na miaka 6. Nimekua nikilala nimeegemea mito mitatu, na mama yangu akilala na sikio moja kwangu, akisikiliza ile filimbi ya kifuani. Miaka ya katikati naipita, haina jipya. Nilipofikisha miaka 34, nikiwa nimetulia kwa muda mrefu kwa sababu nilikuwa navuta inhela ya kinga mara mbili kwa siku bila kukosa, nilianza kuona kwamba utulivu ule ni wangu mwenyewe na kwamba dawa ndiyo inayonifunga.

Hapo ndipo nilipokutana na mtu aliyejiita mtaalamu wa virutubisho. Alikuwa mpole, alinisikiliza kwa saa nzima, jambo ambalo hakuna kliniki iliyowahi kunifanyia, na hilo nalikumbuka bila kumwonea. Alinishika kiganja, akanihesabia vidonge ndani yake kimoja kimoja: vitamini C, vitamini D, magnesi, mafuta ya samaki. Akasema kwamba inhela "inauzoesha mwili uvivu" na kwamba mapafu yakilishwa vizuri yatajisimamia. Shangazi yangu, ambaye tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniambia kwamba ninaidekeza pumu, alifurahi kusikia hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Nikanunua makopo manne, nikayapanga dirishani. Kila alfajiri nilitwanga kipande cha tangawizi kikubwa kama kidole gumba, nikakichemsha mpaka maji yakawa na rangi ya dhahabu, nikakamulia ndimu, nikaongeza kijiko cha asali na nusu kijiko cha habasoda iliyosagwa, nikanywa nikiwa nimefumba macho. Inhela ya kinga niliitia kwenye droo.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na ndizo nilizozisimulia kwa kila aliyetaka kusikia. Ambacho sikukisimulia ni daftari. Nilikuwa na kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki ambacho mtu hupuliza kwa nguvu mara moja na mshale ukaonyesha ni lita ngapi za hewa zingetoka kwa dakika, na kwa mazoea ya miaka mingi niliendelea kuandika namba. Kiwango changu bora kilikuwa 420. Siku ya 1 bila dawa niliandika 410. Siku ya 8, 400. Siku ya 15, 375. Siku ya 20, 350. Siku ya 26, 330. Kando ya hiyo 330 kuna maandishi yangu mwenyewe kwa kalamu ya bluu: "kifaa kimechakaa." Baada ya hapo kurasa ni tupu. Kifua kiliniambia niko mzima, namba zilisema sivyo, nami nikachagua kusikiliza kifua.

Usiku wa siku ya 41 niliamka saa nane. Nilivuta inhela ya kutuliza, ile ya salbutamoli, mara mbili, kisha mara mbili nyingine, nikapoteza hesabu baada ya mara ya 11. Nilichemsha maji, nikainamia beseni nikiwa nimejifunika taulo, nikitia matone ya mafuta ya mkaratusi, na kwa dakika chache nilihisi ubaridi ukipita puani nikadhani nafunguka. Kumbe mentholi na jamii yake, mafuta haya yakiwamo, huamsha neva zinazohisi baridi, ubongo ukadhani hewa inaingia kwa wingi, ilhali njia za hewa hazijapanuka hata kidogo. Kwa baadhi yetu mvuke na harufu kali ndivyo huzidisha kubanwa. Nilipojaribu kumwita mama kwa simu nilitoa maneno mawili tu kwa pumzi moja, na ngozi iliyo juu ya mfupa wa kifua ilikuwa ikizama kila nilipovuta hewa. Atakayeona dalili hizi mbili asichemshe chochote, atafute gari.

Hospitalini walinipa oksijeni, wakanivutisha dawa ya mvuke kwa mashine, wakanipa prednisoloni, steroidi ya kupunguza uvimbe, na hali ilipokuwa haitengemai wakanitilia magnesi kwenye mshipa. Nilipoambiwa jina la ile dripu nililia. Nilikuwa nimemeza magnesi kila usiku kwa siku 41. Ile ya mshipani huongezwa katika shambulio kali ambalo dawa za kwanza hazikulituliza, kwa kipimo na kwa uangalizi, na inajulikana kwamba husaidia. Ile ya kumeza haijaonyeshwa kuwa na kazi hiyo. Ni jina moja, na nililipia jina. Asubuhi muuguzi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kunihukumu, kama nilikuwa navuta inhela ya kinga, nikageuza uso ukutani. Niliporudi nyumbani nilimpigia simu yule mtaalamu wangu. Alisema nilipaswa kuongeza dozi ya vidonge mara mbili pindi tu niliposikia mabadiliko, kisha akanishauri makopo mengine. Sijazungumza naye tena, na nakiri kwamba hata leo, miaka 8 baadaye, nikilikumbuka jibu lile mikono hunitetemeka.

Kwa nini wiki tatu zile zilikuwa nzuri? Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji wangu alishike, kwa sababu bila kulielewa mtu ataendelea kuisifu tangawizi kwa kazi ambayo haikuifanya. Pumu haikai kwenye kifua kinapobana tu. Kuta za njia za hewa zina uvimbe wa kudumu, hata siku ambazo mtu anakimbia na kucheka, na uvimbe huo ndio unaozifanya ziwe nyepesi kukasirika: vumbi likipita, moshi ukipita, mafua yakiingia, misuli hujikaza, makohozi mazito huongezeka, njia inakuwa nyembamba. Inhela ya kutuliza hulegeza misuli kwa saa chache na haigusi uvimbe. Inhela ya kinga yenye kotikosteroidi, kama beklometasoni au budesonaidi, huutuliza uvimbe polepole, na ikiachwa uvimbe hurudi polepole vilevile, kwa wiki au hata miezi. Siku zangu 19 tamu zilikuwa akiba ya dawa niliyoivuta kabla. Tangawizi ilikuwa ikila akiba hiyo pamoja nami. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu uitwao GINA haushauri tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa inhela ya kutuliza peke yake bila dawa ya kupunguza uvimbe. Na ugonjwa huu si mwepesi kama shangazi anavyodhani: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka huohuo wa 2019 pumu iliwagusa watu milioni 262 na kuua watu 455,000.

Wapo watakaosema kwamba nimegeuka na sasa nayadharau mimea. Siidharau, na nimesoma habari zake kuliko wengi wanaoiuza. Dawa za pumu zina jamaa wengi msituni na shambani. Mwaka 1860 tabibu Mwingereza Henry Hyde Salter, ambaye naye alikuwa na pumu, aliisifu kahawa nzito kuwa miongoni mwa tiba bora za shambulio, na hakukosea sana, kwa kuwa kafeini hupanua njia za hewa kidogo kwa saa chache. Mwaka 1888 mwanasayansi Mjerumani Albrecht Kossel alitenga kwenye majani ya chai kitu kilichoitwa theofilini, ambacho kilikuja kuwa dawa ya pumu kwa miaka mingi. Majani ya mnanaha yalifungwa kama sigara yakavutwa na wenye pumu kwa vizazi kadhaa, na kutoka jamii ya sumu yake, atropini, ilipatikana ipratropiamu, dawa ya kupanua njia za hewa inayotumika hospitalini hadi leo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa Aleppo, Syria, mwaka 1922, aliyekuwa na pumu kama mimi. Kulikuwa na mmea uitwao Ammi visnaga, uliotumika Misri tangu zamani, ambao ndani yake mna kitu kiitwacho khelini. Altounyan na wenzake walitengeneza maumbo mapya kutokana na khelini, kisha yeye akajifanya mwenyewe uwanja wa majaribio: alikuwa akivuta dondoo la manyoya ya wanyama wadogo ambao mzio wao ulimbana, akapima pumzi yake, akajaribu kiambata kimoja, akapima tena, akajaribu kingine, kwa miaka. Mnamo 1965 akafika kwenye kiambata kilichokuja kuwa kromoglikati, dawa ya kuvuta ya kukinga pumu. Mimi na yeye sote tulikuwa na mmea, sote tulikuwa na kipimo cha pumzi. Yeye namba ilipomwambia kwamba kiambata hakifanyi kazi alikiacha. Mimi niliandika kwamba kifaa kimechakaa.

Nakuomba basi, ndugu msomaji, upime. Usiniamini mimi, usimwamini muuzaji, usiamini hata kifua chako, maana kifua huzoea kubanwa kidogokidogo mpaka kikaona ni kawaida. Pima asubuhi, andika, linganisha na kiwango chako bora. Kwa kawaida asilimia 80 na kuendelea ni salama, kati ya 50 na 80 ni tahadhari, chini ya 50 ni hatari ya kukimbilia hospitali. Kwangu mimi mipaka hiyo ni 336 na 210, na nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Siku ya 26 nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka wa kwanza.

Chakula nimeendelea nacho, na hapa nasema kwa fahari kwa sababu nimekifanyia kazi. Mboga na matunda si porojo. Jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2012 liliwapa baadhi ya wenye pumu sehemu tano za mboga na mbili za matunda kila siku, na wengine wakapewa mboga na matunda kidogo. Katika wiki zilizofuata, wale wa kidogo walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuzidiwa. Katika jaribio hilohilo, vidonge vya dondoo la nyanya havikuongeza faida. Nilipolisoma nilikwenda dirishani nikayatazama yale makopo. Sahani ilifanya kazi, kopo halikufanya. Basi nusu ya sahani yangu ni mboga, mchana na jioni.

Jambo la pili ni uzito, na sitalizungusha. Nilikuwa na kilo 84, nikapunguza 9 kwa miezi kumi, na ndani ya mwaka ule nilianza kulala kwa mto mmoja. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 huwasaidia wengi kuidhibiti pumu vizuri zaidi. Hakuna kopo la kufanya hivyo. La tatu ni kula mapema: chakula kizito kabla ya kulala hurudisha asidi kooni, na asidi hiyo huamsha kikohozi na kubanwa usiku. Mimi humaliza kula zikiwa zimebaki saa tatu nzima kabla ya kulala na sivunji sheria hiyo hata nikiwa mgeni.

Maziwa niliyaacha miaka miwili bila sababu. Hayaongezi makohozi kwenye mapafu. Hufunika koo kwa muda, tukadhani ni makohozi. Asiye na mzio wa maziwa hana haja ya kujinyima. Ninachokikwepa kwa kweli ni salfaiti, vihifadhi vinavyoandikwa kwenye pakiti kwa namba kuanzia E220 hadi E228 na vinavyopatikana kwenye divai na baadhi ya matunda makavu, kwani huwabana baadhi yetu, nami nilijigundua hivyo kwa kuandika nilichokula kando ya namba ya pumzi.

Vidonge nilivyokuwa navyo? Vitamini D ilitupa matumaini mwaka 2016, mapitio makubwa ya tafiti yalipoonyesha kwamba huenda inapunguza mashambulio makali. Mapitio hayo yaliporudiwa mwaka 2023 kwa tafiti nyingi zaidi, faida hiyo haikuonekana. Aliyepimwa akakutwa na upungufu ameze kwa ajili ya mifupa yake. Mafuta ya samaki hayana ushahidi wa kutosha. Habasoda ina majaribio madogo yanayotia moyo, nami bado naila, juu ya dawa. Asali ni nzuri kwa kikohozi cha mafua, na nakunywa tangawizi kwa kuwa naipenda.

Yapo mengine ambayo hayasaidii na yanaweza kuua. Maziwa ya nyuki malkia na chavua ya nyuki vimewahi kusababisha mashambulio makali, hata vifo, kwa watu wenye pumu na mzio. Gome la mti wa willow, linalouzwa kama dawa ya asili ya maumivu, ni jamaa wa aspirini, na takriban watu wazima 7 katika kila 100 wenye pumu hubanwa na aspirini na ibuprofeni. Mmea wa efedra ulipigwa marufuku katika virutubisho nchini Marekani mwaka 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mmea wa hypericum, unaonywewa kwa huzuni, huenda ukapunguza nguvu ya theofilini mwilini. Na ukipewa unga usio na jina unaokufungua kifua ndani ya siku mbili kuliko dawa yoyote uliyowahi kutumia, ogopa: mara nyingi poda za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri, bila kipimo, na mtu anayezitumia kwa miezi kisha akaacha ghafla yuko hatarini zaidi kuliko alivyoanza.

Vuta dawa yako ya kinga. Vuta siku unayojisikia vibaya na siku unayojisikia vizuri, hasa unayojisikia vizuri. Tumia kile chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela ili dawa ifike mapafuni isiishie ulimini, sukutua mdomo ukimaliza ili usiote fangasi, na ukitaka kupunguza dozi, jambo ambalo linawezekana na mimi mwenyewe nimelifanya, lifanye na daktari, baada ya miezi mitatu hivi ya utulivu, hatua kwa hatua, daftari likiwa mkononi. Kula vizuri, pima, vuta dawa. Najua ninarudia. Ningetamani mtu angenirudia mimi hivi nilipokuwa na miaka 34.

Yule msomaji nilimjibu usiku uleule. Nilimweleza siku 41 zote, nikampigia picha ukurasa wa daftari wenye ile kalamu ya bluu, nikamwomba aivute inhela yake usiku huohuo na kesho yake apime pumzi aniletee namba. Alichelewa kujibu mpaka nikadhani amekasirika. Kesho yake saa moja asubuhi aliniandikia kwamba kiwango chake bora, kwenye kadi ya kliniki, ni 390, na asubuhi ile amepuliza mara tatu na iliyo kubwa ni 290. Nilimwambia hiyo ni kama asilimia 74, na kwamba yuko kwenye tahadhari ingawa kifua kinamwambia kiko wazi. Akauliza kama inawezekana kifaa kimechakaa. Nikamwambia aende nacho kliniki wakakilinganishe na chao. Saa sita mchana akaniandikia kutoka kwenye foleni: kipimo cha kliniki kimesoma 285.